Jumla Isiyotosha: Kupima Sura Mbili za Dawa ya Moyo katika Plazma

Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulidhihirisha kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la damu lililopita kiasi. Basi si ajabu kwamba kati ya Ruiru na Thika, katika hospitali za kaunti, katika zahanati za mitaa na katika maduka ya dawa yaliyo kandokando ya barabara kuu, vidonge vya moyo na vya presha vimekuwa miongoni mwa vitu viulizwavyo kila siku. Mgonjwa hukihesabu kidonge kuwa kitu kimoja, mwuzaji hukiuza kama kitu kimoja, na tabibu hukiandika katika cheti kwa jina moja. Walakini katika nyingi za dawa hizi, kilichomo ndani ya kidonge si kitu kimoja bali ni viwili, vilivyo sawa kwa uzito, kwa idadi ya atomu na kwa namna atomu hizo zilivyoungana, vikatofautiana katika jambo moja tu, nalo ni kwamba kila kimoja ni taswira ya mwenziwe ndani ya kioo.

Kutokana na hali hiyo limezuka suala ambalo wapimaji wa dawa hawajaafikiana juu yake kwa kauli moja: damu ya mgonjwa anayetumia dawa ya namna hiyo ikichukuliwa, na maji yake ya manjano, yaani plazma, yakitengwa ili dawa ipimwe, je, yatosha kutaja kiasi cha dawa kwa jumla, au ni faradhi kila sura ihesabiwe peke yake? Wako wanaosema kwamba ni faradhi daima, kwa hoja kwamba kujumlisha vitu viwili vyenye tabia mbalimbali si elimu bali ni uvivu. Na wako wanaosema kwamba mambo hayo ni anasa ya nchi tajiri, wala hayawahusu watu ambao bado hupanga foleni kuingoja dawa yenyewe. Rai ya makala haya ni kwamba kila kundi limeshika ncha moja ya ukweli: kipimo cha sura mbili ni lazima mahali fulani na ni bure mahali pengine, na hekima iko katika kupajua mahali penyewe kabla ya kununua mashine.

Na tuanze na asili ya jambo. Atomu ya kaboni hushikana na vitu vinne. Na vitu hivyo vinne visipofanana, vyaweza kupangwa kwa njia mbili ambazo haziwezi kulaliana hata zikigeuzwa vipi, kama vile kiatu cha kulia kisivyovalika mguu wa kushoto ijapokuwa vyote viwili vimeshonwa na fundi mmoja kwa ngozi moja. Siri hii haikugunduliwa kwa kuitazama kaboni, ambayo haionekani, bali kwa kutazama chumvi. Mwaka 1848 Louis Pasteur, akiwa kijana wa miaka 25 huko Paris, alizichungua fuwele za chumvi itokanayo na asidi ya mvinyo, akaona kwamba nyingine zimekatika upande wa kulia na nyingine upande wa kushoto. Akazitenga moja moja kwa mkono, akayeyusha kila fungu katika maji, na akakuta kwamba fungu moja laupindua mwanga uliochujwa kwenda kulia, na la pili laupindua kwa kadiri ile ile kwenda kushoto, ilhali mafungu hayo yakichanganywa sawa kwa sawa mwanga hupita bila kupinda. Jean-Baptiste Biot, mtaalamu mzee wa elimu ya mwanga, hakuridhika mpaka jaribio liliporudiwa mbele ya macho yake. Mwaka 1874 Mholanzi van 't Hoff na Mfaransa Le Bel, kila mmoja kwa njia yake, wakaeleza sababu yake kwa ile kaboni yenye wenzi wanne.

Fuwele zinazokubali kutengwa kwa mkono ni nadra mno, na Pasteur mwenyewe alilijua hilo. Mwaka 1853 alipata njia nyingine iliyo mama wa vipimo vyote tulivyo navyo leo: alichukua vitu vyenye sura moja tu, vilivyotokana na magome ya mkwinini, akaviacha vishikane na asidi yenye sura mbili, na kwa kuwa mshikano wa sura moja haukuwa sawa na wa sura ya pili, vikatengana vyenyewe. Kanuni yake ni hii, kwamba mwenye sura moja ndiye awezaye kuwabagua wenye sura mbili. Mti huo, ambao asili yake ni milima ya Andes, si mgeni kwetu: Wajerumani waliupanda Amani katika milima ya Usambara, na katika Kivu mashamba yake yamekilisha kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu kitoacho kwinini. Tena ndani ya magome hayo hayo imo kwinidini, yenye atomu zile zile za kwinini, ila mpangilio wake umegeuka katika sehemu mbili za molekuli, na kwa hiyo yakaribia kuwa taswira ya mwenziwe bila ya kuwa taswira kamili. Daktari Karel Wenckebach aliandika mwaka 1914 habari za mfanyabiashara mmoja wa Kiholanzi aliyejua kuutuliza moyo wake uliokwenda mrama kwa kumeza kwinini. Na mwaka 1918 Walter Frey akaonyesha kwamba kwinidini yaipita kwinini kwa kazi hiyo. Hivyo katika mti mmoja dawa ya malaria na dawa ya moyo zimetengwa na mgeuko mdogo wa umbo, na huo ni ushahidi wa kutosha kwamba moyo haudanganyiki kwa kufanana kwa atomu.

Sababu ya ubaguzi huo ni kwamba mwili wenyewe umejengwa kwa sura moja. Takriban asidi zote za amino zinazojenga protini zetu ni za upande mmoja, na sukari zetu ni za upande mmoja. Basi kila kitu kilichojengwa kwa protini hupokea sura moja ya dawa kwa ukarimu kuliko ya pili. Mintarafu ya dawa, ubaguzi huo hutokea katika milango mitatu: kwenye vipokezi vya moyo na mishipa, ambako dawa hufanya kazi yake, kwenye vimeng'enya vya ini, ambavyo huivunja dawa na kuiondoa, na kwenye protini za plazma, ambazo huibeba. Kiwanda, kwa upande wake, kikianza na malighafi zisizo na upande, hupata sura zote mbili nusu kwa nusu, na kwa kuwa kuzitenga ni gharama, aghalabu dawa huuzwa kama ilivyotoka. Ndivyo ilivyokuwa kwa propranololi, iliyotoka mikononi mwa James Black na wenzake katika kampuni ya ICI miaka ya 1960, na iliyochangia kumpatia Black Tuzo ya Nobel mwaka 1988: wanakemia huziita sura zake R na S, na ile ya S huzuia vipokezi vya beta kwa nguvu yapata mara 100 ya mwenziwe, lakini mgonjwa hupewa zote mbili katika kidonge kimoja. Mwaka 1984 Everhardus Ariëns, mwanafamasia wa Kiholanzi, aliandika makala makali akiwashutumu wataalamu waliokuwa wakipima mchanganyiko wa namna hii kama kwamba ni kitu kimoja, kisha wakachora juu yake michoro na hisabu za kupendeza ambazo kwa rai yake zilikuwa upuuzi uliopambwa.

Shutuma hiyo ilikuwa kali, ila haikuwa ya bure, na anayetaka ithibati na aitazame verapamili. Dawa hii hupunguza kasi ya mwito wa umeme upitao kutoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vya chini, na kazi hiyo hufanywa zaidi na sura ya S, ambayo huipita R kwa yapata mara 10 au zaidi. Sasa, dawa ikidungwa katika mshipa, plazma hukutwa na R iliyo karibu mara 2 ya S. Lakini ikimezwa, hulazimika kupita ini kwanza, na ini huivamia S kuliko R, hata inapofika kwenye damu ya mwili R imekuwa karibu mara 5 ya S. Tuseme mpimaji amekuta nanogramu 100 za verapamili katika kila mililita ya plazma kwa wagonjwa wawili, mmoja aliyedungwa na mwingine aliyemeza. Kwa kipimo cha jumla, wagonjwa hao ni sawa. Kwa kipimo cha sura mbili, wa kwanza ana nanogramu 33 hivi za S, na wa pili ana 17 tu, yaani karibu nusu. Miaka mingi watabibu walistaajabu kwa nini dawa iliyomezwa ilionekana dhaifu mara 2 hadi 3 kuliko iliyodungwa, ingawa vipimo vya plazma vilikuwa vile vile. Hatimaye, katika miaka ya 1980, Michel Eichelbaum na wenzake huko Ujerumani walipozipima sura mbalimbali, fumbo likafumbuka. Kosa halikuwa katika mashine wala katika moyo, bali lilikuwa katika jumla.

Karvediloli, ambayo hutumiwa sana kwa moyo uliochoka, ina kadhia yake. Sura zote mbili huzuia vipokezi vya alfa na kulegeza mishipa, lakini S peke yake ndiyo izuiayo vipokezi vya beta kwa nguvu na kuupunguza mwendo wa moyo. Na baada ya kumezwa, R hukutwa katika plazma mara 2 hadi 3 ya S. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kile ambacho kipimo cha jumla hukihesabu haina mkono katika ile kazi ambayo aghalabu ndiyo iliyokusudiwa. Wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo watu wenye vali za chuma na wengi waliodhuriwa na homa ya baridi yabisi huitegemea kwa uhai wao, ni vivyo hivyo: S ina nguvu mara 3 hadi 5 ya R, nayo huondolewa upesi zaidi na kwa kimeng'enya kingine, hata plazma ikabaki na R nyingi kuliko S.

Hata hivyo mtu asiharakishe kuhukumu kwamba sura moja ni njema na ya pili ni taka, kwani historia ya dawa za moyo imewaadhibu waliofikiri hivyo. Sotaloli ya kawaida ni mchanganyiko. Wataalamu wakaona kwamba sura yake iitwayo d-sotaloli huweza kudhibiti mapigo bila ya kuzuia sana vipokezi vya beta, wakaitenga na kuijaribu kwa wagonjwa 3,121 waliokwisha kupatwa na shambulio la moyo. Jaribio hilo, lililojulikana kwa jina la SWORD na kuchapishwa mwaka 1996, lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu waliopewa dawa walikufa kwa kadiri ya asilimia 5.0 ilhali waliopewa kidonge kitupu walikufa kwa kadiri ya asilimia 3.1. Labetaloli, ambayo hospitali zetu huwapa wajawazito wenye presha, ina sura nne kwa kuwa ina vituo viwili vya namna hii. Mojawapo ilitolewa peke yake kwa jina la dilevaloli, ikaondolewa sokoni mwaka 1990 kwa kuwa ilidhuru ini. Katika nebivololi sura zote mbili zahitajiana: moja huzuia vipokezi vya beta, na ya pili huisaidia mishipa itanuke. Kutenga, basi, si sawa na kutakasa. Na faida kubwa ya kipimo ni kutuonyesha kila sura inafanya nini na inakwenda wapi, kabla ya kuamua iende peke yake au iende na mwenziwe.

Amlodipini yastahili kutajwa mbali, kwa kuwa ndiyo dawa ya presha ya watu wengi wa kwetu. Jaribio la CREOLE, lililofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2019, liliona kwamba kwa Waafrika weusi michanganyiko miwili yenye amlodipini ndani yake ilishusha presha kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo. Katika amlodipini, takriban kazi yote ya kulegeza mishipa hufanywa na S. India imeuza S peke yake tangu miaka ya 2000, kwa nusu ya kipimo, na Marekani iliiidhinisha mwaka huo huo wa 2019. Lakini dawa hii haikutani na ini kwa ukali kama verapamili: nyingi yake hufika katika damu, hukaa humo kwa saa 30 hadi 50 kabla ya nusu yake kuondoka, na sura zake hazipishani kwa umbali wa kuwahadaa watabibu. Kwa hiyo ni mfano mwema wa dawa ambayo kipimo cha jumla chaweza kuvumiliwa katika mambo mengi, ijapokuwa sura moja ndiyo yenye kazi. Si kila tofauti ya nguvu inayodai kipimo cha pekee. Kinachodai ni tofauti ya nguvu ikikutana na tofauti ya mwendo.

Na sasa tuone kipimo chenyewe hufanywaje. Mgonjwa huchomwa sindano kwenye mshipa wa kiwiko, na damu hupokewa katika chupa ndogo yenye dawa ya kuzuia isigande. Chupa huingizwa katika sentrifuji na kuzungushwa kwa dakika kadhaa, mpaka chembe nyekundu zizame chini na plazma ya manjano ikae juu. Plazma hiyo hufyonzwa kwa uangalifu isiguse chembe, ikahifadhiwa katika friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, ambako umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, kazi ya wiki nzima yaweza kuharibika. Siku ya kupima, huongezwa kiasi kinachojulikana cha kitu kingine kinachofanana na dawa, ili kiwe shahidi wa kile kitakachopotea njiani. Plazma huongezwa alikali, kwa sababu dawa nyingi za namna ya propranololi zikiwa katika alikali hukimbilia katika mafuta kuliko maji. Kisha hutikiswa pamoja na kiyeyushi kama etha, kiyeyushi kikachukuliwa na kukaushwa kwa mkondo wa gesi ya nitrojeni, na yale mabaki yasiyoonekana kwa macho yakayeyushwa tena katika matone machache. Matone hayo ndiyo yaingizwayo katika mashine ya kromatografia, na dawa inayotafutwa ndani yake huhesabiwa kwa nanogramu, yaani sehemu za bilioni moja za gramu.

Moyo wa mashine hiyo ni kolamu, bomba la chuma lenye urefu wa shubiri moja au zaidi kidogo, lililoshindiliwa unga laini. Kwa kolamu ya kawaida sura mbili hutoka pamoja, na mchoro huonyesha kilele kimoja. Kolamu ya kutenga sura lazima iwe na kitu chenye sura moja ndani yake, na hapo kanuni ya Pasteur hurudi. Yoshio Okamoto wa Japani alitumia selulosi na wanga, vitu vya mimea ambavyo maumbile yameshavipa upande mmoja, akavibadilisha kidogo na kuvipaka juu ya unga wa silika. Jörgen Hermansson wa Sweden alitumia protini ya damu yenyewe iitwayo alfa-1 asidi glikoprotini, ile ile inayozibeba dawa hizi katika plazma. Na Daniel Armstrong wa Marekani akatumia antibiotiki kama vankomisini. Sura moja hushikiliwa kitambo zaidi ya mwenziwe, na mchoro ukatoa vilele viwili vilivyopishana kwa dakika chache. Iwapo bonde lililo kati yao limefika chini kabisa, kila kilele hupimwa eneo lake bila shaka. Iwapo bonde limening'inia juu, kilele kikubwa hukilalia kidogo, na S iliyo chache ikahesabiwa vibaya, nayo ndiyo iliyokuwa ikitafutwa.

Kolamu za namna hii huuzwa kwa bei iliyo mara kadhaa ya bei ya kolamu ya kawaida, tena hazivumilii kila kiyeyushi. Lakini asiyekuwa nayo hajafungiwa mlango. Aweza kuichanganya dawa na kemikali yenye sura moja, vikaungana na kuwa vitu viwili ambavyo si taswira za kioo tena, na ambavyo kolamu ya kawaida huvitenga bila taabu. Sharti lake ni kwamba kemikali hiyo iwe safi kwelikweli, kwani uchafu wa sehemu 2 katika 100 huhamia katika jawabu na kujifanya dawa. Aweza pia kutumia elektroforesisi ya mrija mwembamba, ambamo saiklodekstrini, zao la wanga, huongezwa katika maji kidogo kidogo, na gharama ikawa ndogo mno, ijapokuwa uwezo wa kuona kiasi kidogo hupungua. Kwa njia yoyote ile, kanuni za kimataifa huitaka maabara ithibitishe kwamba kipimo chake hakikosei zaidi ya asilimia 15, na asilimia 20 kwenye kiasi cha chini kabisa, na tena kwamba sura haigeuki kuwa mwenziwe wakati wa kutayarishwa.

Mpaka hapa mtu aweza kusema kwamba mambo haya yameshapimwa Ulaya na Marekani, na kwamba sisi tunaweza kuzisoma tu namba zao. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu lau ini la kila taifa lingekuwa moja. Kimeng'enya kiitwacho CYP2D6, ambacho huzibagua sura za metoprololi na karvediloli, hutofautiana baina ya watu kwa urithi. Watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Taasisi ya Karolinska ya Sweden, walionyesha mwaka 1999 kwamba Watanzania weusi waliochunguzwa walikuwa na uwezo uliopungua wa kazi ya kimeng'enya hicho, na baadaye wakaeleza aina ya jeni iitwayo *29, iliyoenea kwa Watanzania hao, ambayo hukidhoofisha. Kwa upande wa pili, uchunguzi wa mwaka 1996 uliwakuta Waethiopia 29 katika kila 100 wakiwa na nakala za ziada za jeni hilo, na kimeng'enya chao kwa hiyo kina kasi. Mtu mwenye kimeng'enya chenye nguvu, akimeza metoprololi, hukutwa na S nyingi kuliko R. Asiyekuwa na kimeng'enya chenye kazi hukutwa na kinyume chake. Na karvediloli kwa mtu huyo wa pili hulundika R. Kipimo cha jumla hakiwezi kuyaona mambo hayo hata kidogo.

Kwa wafarini somo lilikuwa chungu zaidi. Aina za jeni la CYP2C9, yaani jeni la kile kimeng'enya kinachoiondoa S, zilizotiwa katika hisabu za kupanga kipimo, yaani *2 na *3, ni za kawaida Ulaya na ni nadra Afrika, ilhali aina zetu, kama *5, *6, *8 na *11, ziliachwa nje. Na jaribio la COAG la Marekani, lililochapishwa mwaka 2013, lilipolinganisha njia hiyo ya jeni na njia ya kawaida, wagonjwa weusi waliopangiwa kwa jeni walidhibitiwa vibaya kuliko wenzao waliopangiwa bila jeni. Ndiyo sababu Uganda na Afrika Kusini zikashirikiana na Chuo Kikuu cha Liverpool katika utafiti wa War-PATH, ili wafarini ipangiwe Mwafrika kwa habari za Mwafrika. Fauka ya hayo, ile alfa-1 asidi glikoprotini inayobeba dawa katika plazma huongezeka mtu anapougua, kwa mfano malaria, ikashikilia dawa nyingi zaidi. Jumla ikapanda katika karatasi ya majibu, bila ya dawa iliyo huru kupanda kwa kadiri hiyo.

Ruiru yenyewe inayo hoja ya kutuunga mkono. Ugonjwa wa matunda ya kahawa uligunduliwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1922, na mbegu inayouhimili, Ruiru 11, ilitoka katika kituo cha utafiti cha hapo hapo mwaka 1985, kwa sababu hapakuwa na nchi nyingine ambayo ingelifanya jambo hilo kwa ajili yetu. Nyenzo za kazi tunayoizungumzia ziko katika ukanda huo huo. Juja, katikati ya Ruiru na Thika, kiko Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, nchi ile ile iliyotoa kolamu za selulosi. Thika mjini kiko Chuo Kikuu cha Mount Kenya chenye kitivo cha famasia. Na wagonjwa wenyewe wako katika Hospitali ya Thika Level 5, umbali wa mwendo mfupi tu kutoka chuoni.

Je, basi, kila mgonjwa wa presha wa Thika apimwe sura mbili za dawa yake? Jawabu letu ni la, na wasomaji wasilichukulie kuwa ni jawabu la umaskini. Mwenye presha ana kipimo kilicho bora kuliko plazma, nacho ni mkanda wa mkononi. Mwenye wafarini ana kipimo cha INR, ambacho hueleza damu yaganda kwa kasi gani bila kujali ni sura ipi iliyofanya kazi, na Hospitali ya Moi mjini Eldoret imeonyesha, kwa kliniki yake inayoendeshwa na wafamasia, jinsi kazi hiyo inavyoweza kufanywa vyema katika nchi hii. Kumtoza mgonjwa fedha za kutenga S na R ili aambiwe jambo ambalo mkanda umeshalisema ni dhulma iliyovaa joho la elimu.

Lakini wako wawili ambao hawana udhuru. Wa kwanza ni yule anayeidhinisha dawa za jenerika. Kidonge cha kampuni moja hukubaliwa kuwa sawa na cha kampuni nyingine kwa kulinganisha viwango vyao katika plazma za watu wazima wenye afya, na mara nyingi hulinganishwa kwa jumla. Wadhibiti wa Marekani huitaka kila sura ipimwe pale ambapo sura zimetofautiana kwa kazi na kwa mwendo, na sura iliyo chache ndiyo yenye kazi kubwa, na ufyonzwaji wake hauendi kwa mstari ulionyooka. Na Ulaya ina masharti yanayokaribia hayo. Verapamili ndiyo mfano wa wazi: kidonge kinachoyeyuka upesi na kile kinachoyeyuka polepole huweza kulitumia ini kwa namna mbalimbali, sura zikabadilika uwiano, na jumla isiseme neno. Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya, inapopokea faili la dawa ya moyo yenye sura mbili, ina haki ya kuuliza plazma ilipimwa kwa kolamu ya aina gani, na ina wajibu wa kulielewa jawabu.

Wa pili ni mtafiti. Yeye akipima metoprololi, karvediloli au wafarini katika watu wa Kiambu, wa Pwani au wa Ziwa, akatoa namba ya jumla tu, ameitumia damu ya watu bure, maana atakuwa ameacha nje lile jambo ambalo lilimfanya aende kwao badala ya kusoma vitabu vya Ulaya. Huyo hana haja ya kuanza na mashine ya bei kubwa: aanze na dawa moja, kolamu moja na njia moja iliyothibitishwa, na pale asipoweza kununua kolamu aanze na kemikali ya kuunganisha au na saiklodekstrini.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii: kliniki iendelee na mkanda na INR, mdhibiti adai sura mbili pale ini linapobagua, na vyuo vya Juja na Thika vichague dawa moja, nasi twapendekeza karvediloli, vikaifanyie kipimo hicho kwa wagonjwa wa hapa hapa, na majibu yake yachapishwe wazi ili wafamasia wa nchi nzima wayatumie.